UZI: Frank McCourt, mtoto wa vichochoro vya Limerick aliyekuwa mwalimu New York

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa Frank McCourt, mwalimu wa Kiayalandi wa New York aliyetoa kitabu chake cha kwanza, Angela's Ashes (yaani Majivu ya Angela, jina la mama yake), akiwa na miaka 66, na kitabu hicho hicho cha maisha ya utoto wake kikampa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1997. Nitaushusha kwa vipande kwa sababu habari zake ni ndefu. Aliyemsoma aongeze nyama, ambaye bado avute kiti.

Vitabu vya watu waliokulia kwenye dhiki viko vingi. Katika vingi, anayezungumza ni mtu mzima mwenye hasira zake, au mwenye kujihurumia. McCourt alimwachia mtoto aseme. Mtoto anaona, anasema alichokiona, hahukumu mtu. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo uzito wake wote, na hapo hapo ndipo ulipotokea ugomvi wake na watu wa kwao. Nitaufikia.

Tuanze na safari, kwa sababu safari ya familia hii ilikwenda kinyume na wenzao. Waayalandi wa zama zile walikuwa watu wa kuondoka. Kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Ikaja njaa kubwa ya viazi, watu wakafa, wengine wakapanda meli, na kuondoka kukawa desturi ya kila kizazi. Kufika 1961 kisiwa kimebaki na watu milioni 4 na kidogo. Sasa katikati ya mkondo huo, akina McCourt wao walirudi.

Frank alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 19 Agosti 1930. Baba yake, Malachy, alikuwa mtu wa Toome, kaunti ya Antrim kule kaskazini. Mama yake ni Angela Sheehan wa Limerick, mji wa magharibi mwa Ayalandi. Walikutana New York, mimba ikaingia, ndoa ikafungwa harakaharaka. Ndio wakati uchumi wa Marekani umeanguka, kazi hakuna, na baba akibahatika kupata kibarua, mshahara wa wiki unaishia baa. Baada ya Frank akaja Malachy mdogo, wakaja mapacha Oliver na Eugene, akaja binti mmoja, Margaret. Kwa muda mfupi alioishi yule binti, baba aliacha pombe. Akafa akiwa na wiki chache tu. Mama akalala kitandani akiangalia ukuta, watoto wachafu, hawajala. Ndugu wa Angela waliokuwa New York wakaandika barua Limerick, bibi yao akatuma nauli, familia ikapakiwa melini kurudishwa.

Oliver akafa Limerick. Kama miezi sita baadaye pacha wake, Eugene, akamfuata. Kwa hiyo Angela alizaa watano Marekani, na kabla hata hajazoea mji aliozaliwa amebaki na wawili. Baadaye akawapata Michael na Alphie.

Nitaendelea. Kuna habari ya nyumba lazima niieleze kwa nafasi.

#2 Kitwana K

Nipo mkuu, shusha. Nilimsikia kwenye filamu ya 1999 ya Alan Parker, mvua mwanzo mwisho. Kitabu sijakigusa.

#3 Msomaji wa Usiku

Kitwana, mvua ile haikuwa ya filamu tu. Limerick iko kwenye mto Shannon, unyevu wake wa msimu wa baridi McCourt anauandika kama mhusika mwingine wa kitabu. Watu wanakohoa, kifua kikuu kinapita nyumba hadi nyumba, na makanisa yanajaa kwa sababu mle ndani angalau ni pakavu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Roden Lane. Ni kichochoro, vyumba viwili chini, viwili juu. Kilichofanya nyumba ile ipatikane kwa bei ya chini ni choo. Kichochoro kizima kilikuwa na choo kimoja, na choo hicho kilikuwa kimegusana na mlango wao. Asubuhi majirani wanapanga foleni na ndoo zao za usiku, wanamwaga pale pale. Kiangazi harufu na inzi, masika maji yanafurika na kuingia chini ya mlango mpaka jikoni. Wazazi wanaamua: tuhamie juu. Wanabeba meza na vitanda ngazini, na kile chumba cha juu kikavu wanakipa jina la Italia, kwa maana ya nchi ya joto. Chini ikabaki Ayalandi.

Wageni wanapokuja, watoto wanawaambia: mama yuko Italia. Mtoto anayesimulia hasemi hii ni aibu ya serikali ya jiji, wala hasemi sisi tulikuwa maskini kupindukia. Anakueleza tu maji yamefika ngazi ya ngapi, na wewe msomaji ndiye unayepata hasira.

Makaa ya kupikia wanayaokota barabara ya bandarini, yaliyodondoka kwenye malori, wanayasukuma kwa kigari cha mtoto mchanga. Krismasi moja Angela anapata kichwa cha nguruwe kwa sababu nyama nyingine hazifikiki, na Frank ndiye anayekibeba mjini huku watoto wa shule wakimwona.

#4 Binti Mrima

Msomaji wa Usiku, nakusoma neno kwa neno. Mimi kitabu hiki nilikisoma chuoni, nililazimika kukifunga mara kadhaa nikae kimya kwanza. Naomba usiipite habari ya yule baba. Watu wengi wakisimulia wanamfanya shetani tu, na kitabu hakikumfanya hivyo.

#5 Msomaji wa Usiku

Dada Binti Mrima, umenitangulia, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Malachy mkubwa alikuwa na mapenzi na wanawe. Asubuhi anaamka kabla ya wote, anawasha moto, anachemsha chai, anamsomea Frank gazeti. Usiku anawasimulia habari za Cuchulain, shujaa wa hadithi za kale za Ayalandi, na anawaambia kuna malaika kwenye ngazi ya saba ndiye anayeleta watoto wachanga. Halafu kuna usiku mwingine anarudi amelewa, anawaamsha watoto wenye njaa, anawapanga mstari na kuwaapisha kuwa watakufa kwa ajili ya Ayalandi. Frank mtoto anamfananisha na Utatu Mtakatifu: watu watatu ndani ya baba mmoja, yule wa asubuhi na gazeti, yule wa usiku na hadithi, na yule wa pombe. Kidogo kidogo kitabu kinakuonyesha yule wa tatu akiwameza wawili wa kwanza. Alphie anazaliwa, babu wa kaskazini anatuma paundi tano za mtoto, na baba anazinywa.

Kisha vita. Ayalandi haikuingia kwenye Vita vya Pili vya Dunia, lakini Uingereza viwanda vya silaha vilikuwa vinatafuta watu. Wanaume wa vichochoro wakavuka bahari kwenda kufanya kazi. Hapo maisha ya Limerick yakabadilika kwa njia moja: ikifika mwisho wa wiki, mvulana wa posta anapita na baiskeli akigawa telegramu za hela. Wake wamesimama milangoni wanamsubiri. Watoto wa jirani wanaanza kuvaa viatu vipya, nyama inanukia Jumapili, kuna waliofunga umeme. Baba yao Frank naye amekwenda Coventry. Familia inasimama mlangoni na wengine. Wiki ya kwanza mvulana anapita, wiki ya pili anapita. Angela anawatuma watoto wakaulize posta kama telegramu imepotea njiani.

Hela ilikuja mara moja tu ya maana, ikakatika. Angela akaenda kwenye ofisi ya msaada wa maskini, akakaa kwenye benchi na wanawake wengine, na maofisa wakamhoji kwa sauti mbele ya watu: mume yuko wapi, ana kazi, hela inakwenda wapi.

Wakuu, nimesoma maelezo mengi ya uhamiaji yenye takwimu za fedha zinazotumwa nyumbani. Sijaona mahali pengine palipoelezwa vizuri hivi upande wa pili, wa nyumba ambayo hela haikuja.

Na angalieni alivyoupanga mkanda huu. Akiwa na miaka 14 Frank anaajiriwa posta ya Limerick kama mvulana wa telegramu. Sasa yeye ndiye anayepita na baiskeli kwenye vichochoro vile vile, anagonga milango ile ile. Wapo wazee na wagonjwa wasioweza kunyanyuka kitandani kwenda kuchukua hela yao; sheria ya posta inamkataza kuwasaidia, yeye anawachukulia na kuwanunulia mkate na chai.

#6 Nahodha Mstaafu

Hii ya telegramu imenigusa sana. Nimefanya kazi melini miaka mingi, nawajua mabaharia waliokuwa wanapokea mshahara bandarini na nyumbani hakifiki kitu. Endelea kijana wangu.

#7 Kitwana K

Mkuu kuna kipande kwenye filamu anaandika barua za madeni za bibi mmoja. Ni kweli kimo kitabuni?

#8 Msomaji wa Usiku

Shikamoo Nahodha, ahsante kwa neno lako.

Kitwana, kimo, na ni moja ya sehemu ninazozipenda kuliko zote. Bi Finucane alikuwa mkopeshaji, anawauzia watu wa vichochoro nguo na vitu kwa mkopo na riba yake, kazi ya kausha damu kabisa. Anagundua Frank anajua kuandika, anamwajiri amwandikie barua za kutisha wadaiwa. Frank anakwenda na kamusi, anachomeka maneno mazito ya kisheria, barua zinatetemesha mtaa. Wanawake wanazisoma wakilia, na wanaapa kuwa aliyeziandika si binadamu. Kati ya wanawake hao wapo majirani, marafiki wa mama yake. Mama yake mwenyewe anasema mbele yake kuwa mwandishi wa barua zile anastahili adhabu kali. Frank yuko pale kimya, anakula mkate wa hela hiyo hiyo.

Ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uandishi yenye malipo.

Bi Finucane anafia kwenye kiti chake. Frank anamkuta. Anachukua pesa za nauli ya Marekani, na anachukua daftari la madeni. Anakwenda nalo mtoni Shannon, analitupa. Mtaa mzima ukaachiwa madeni na hakuna aliyejua nani kafanya. Katika kitabu chenye mambo mengi ya kanisa, kitubio na msamaha, lile daftari likizama ndilo tendo la msamaha lililonibaki kichwani kuliko mengine.

#9 Mwalimu Chaki

Mkuu, mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu nimesoma kile kitabu chake cha tatu, Teacher Man cha 2005. Naomba utuambie elimu yake ilikuwaje, maana mtu aliyefundisha miaka 30 na hakupita sekondari ni jambo la kushangaza.

#10 Msomaji wa Usiku

Karibu sana Mwalimu. Ni kweli, hakuingia sekondari hata siku moja.

Shule yake ilikuwa Leamy's, mtaa wa Hartstonge. Fimbo zilikuwa nyingi, kila mwalimu na yake. Lakini alikuwepo mwalimu mmoja, O'Halloran, aliyewaambia watoto wale wa viatu vilivyotoboka kwamba akili yao ni nyumba ya hazina, hakuna mtu duniani anayeweza kuwaingilia humo, basi waijaze. Na aliwafundisha historia ya nchi yao bila kuficha maovu ya upande wowote, hata wa kwao. Huyu ndiye aliyemwita Angela na kumwambia mtoto huyu asiishie kubeba telegramu, mpelekeni kwa mabruda wa Christian Brothers, wenye shule ya sekondari. Angela akamshika mkono mwanawe wakaenda wakagonga. Bruda akafungua, akasikiliza, akasema hakuna nafasi, akafunga mlango. Kumbukeni kwamba huko nyuma mlango wa kanisa ulishafungwa vile vile baba alipompeleka kuwa mtumishi wa altare. Angela akamwambia: usikubali tena mtu yeyote akufungie mlango usoni.

Elimu yake nyingine aliipata hospitali. Alipata homa ya matumbo akiwa na miaka kumi, akalazwa wiki nyingi kwenye hospitali ya magonjwa ya kuambukiza iliyoendeshwa na masista. Chumba cha pili alikuwepo msichana Patricia, mgonjwa wa dondakoo. Wakawa wanaongea kupitia ukutani, kinyume cha amri. Yeye ndiye aliyempa kitabu kilichokuwa na mistari michache ya Shakespeare. Mtoto akaikariri bila kuielewa, kwa utamu wa maneno tu. Kisha akawa anamsomea shairi refu la jambazi wa barabarani na binti wa mwenye baa, kila siku beti kadhaa. Masista wakagundua wanaongea, wakamhamishia Frank ghorofa ya juu kwenye wodi tupu. Siku mbili tatu mbele Patricia akafa, na shairi halijaisha.

Aliyelimalizia ni Seamus, mfagiaji wa hospitali. Seamus hajui kusoma. Alikwenda baa, akamkuta mtu anayelijua shairi lile, akamwomba alighani mpaka akalishika lote kichwani, akarudi wodini na ufagio wake akamghania mtoto mwisho wa jambazi na binti.

Mimi nimekulia kwa watu wanaobeba tenzi vichwani. Nikifika hapo kwa Seamus huwa nasimama.

#11 Mwalimu Chaki

Hapo kwa Seamus umenimaliza kabisa. Basi acha mimi nieleze ya ualimu, nisaidiane nawe.

Aliondoka Ayalandi Oktoba 1949, akiwa na miaka 19, kwa meli iitwayo Irish Oak kutoka Cork. New York akafanya usafi kwenye hoteli ya Biltmore, kuokota vichungi vya sigara ukumbini huku vijana wa vyuo wa umri wake wakinywa. Vita vya Korea vikamwita jeshini, lakini badala ya Korea akapelekwa Ujerumani, Bavaria. Jeshi lilimpa haki ya kusomeshwa na serikali. Akaenda chuo kikuu cha New York bila cheti cha sekondari, akajieleza kuwa amesoma vitabu, wakampokea kwa majaribio. Akahitimu 1957.

Mwaka 1958 akaanza kufundisha shule ya ufundi ya McKee, Staten Island. Wanafunzi wake ni watoto wa makuli na mabaharia, mafundi bomba na magari wa kesho, Kiingereza hawakitaki. Siku ya kwanza kabisa kijana mmoja anarusha sandwichi, inatua sakafuni mbele. Walimu tumefundishwa: toa kauli, mwite, mwandike. McCourt aliiokota akaila. Yote. Darasa likanyamaza. Mtu aliyelala njaa Roden Lane asingeweza kuiacha sandwichi ya nyama iliyotengenezwa na mama wa mtu ioze sakafuni.

Jambo jingine ninaloliwaza sana ni barua za udhuru. Akawa anapokea barua za wazazi: mtoto hakuja kwa sababu hii na hii. Akagundua nyingi wameziandika watoto wenyewe, na ni maandishi bora kuliko insha zote walizowahi kumpa darasani: yana hadithi, yana uongo wenye mpangilio, yana huruma. Badala ya kuwaadhibu akawaletea darasani kama somo. Kisha akawapa kazi: andika barua ya udhuru ya Adamu kwa Mungu, au ya Hawa kwa Mungu. Wale waliokuwa hawaandiki mstari wakaandika mpaka kengele ikalia na bado wanaandika.

Baadaye akahamia Stuyvesant, shule ya serikali ya kuingia kwa mtihani mgumu, akafundisha huko kuanzia 1972 mpaka alipostaafu 1987.

#12 Msomaji wa Usiku

Mwalimu, umelieleza vizuri. Naongeza moja tu, ndiyo ninayoamini ilizaa kitabu. Katika miaka yote 30 wanafunzi walikuwa wakimdaka na maswali: mwalimu, kwenu mlikuwa mnakula nini, kweli mlikuwa hamna choo ndani? Yeye akawa anawajibu ili watulie, na baadaye akajilaumu kuwa anapoteza kipindi. Kumbe alikuwa anajaribu hadithi ile ile mbele ya maelfu ya vijana wasio na subira, anajua wapi wanacheka na wapi wanapiga miayo. Aliwahi kujaribu kuiandika zamani, ikatoka kwa sauti za waandishi aliowasoma, akaiacha.

Amestaafu, anamsikiliza mjukuu wake mdogo anavyoongea, anaona mtoto huongea kila kitu kana kwamba kinatokea sasa. Siku moja akaandika kwenye daftari kidokezo cha kujikumbusha: yuko uwanja wa kuchezea wa Classon Avenue, Brooklyn, na mdogo wake Malachy, mmoja ana miaka mitatu na mwingine miwili, wamepanda bembea ya ubao. Frank anashuka ghafla, ubao unaanguka, Malachy anajing'ata ulimi, damu inatoka. Kesho yake akakisoma kile kidokezo akajua sauti ya kitabu ndiyo hiyo. Angela's Ashes ikatoka 1996, ikakaa kwenye orodha ya vitabu vinavyouzika sana Marekani zaidi ya miaka miwili.

#13 Mzee wa Ujiji

Nimesoma kuanzia juu. Naomba niseme lisilopendeza. Mimi kitabu nimekisoma, na uandishi wake sina neno nao. Ila mama ni mama. Huyu bwana ameandika mama yake alivyoomba makombo, na ameandika habari za mama na yule binamu mwenye nyumba waliyopewa hifadhi baada ya kufukuzwa Roden Lane. Angela alikufa 1981, kitabu kimetoka 1996, hayupo wa kujibu. Kwetu hilo linaitwa kumvua mama sitara. Watu wa Limerick walipokasirika nadhani walikuwa na haki.

#14 Binti Mrima

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, na hoja yako nimeihisi mimi mwenyewe nilipofika ukurasa ule wa binamu. Lakini naomba nikuulize. Nani alimvua sitara Angela kwanza? Mwanawe aliyeandika, au wale maofisa waliomhoji mbele ya benchi zima la watu? Mume aliyekunywa hela ya Coventry? Binamu aliyempa dari kwa masharti? Aibu ile haikuwa ya mama. Alikuwa amebebeshwa.

#15 Msomaji wa Usiku

Mzee wa Ujiji, marahaba ya hoja, na nashukuru umeileta kwa adabu. Hasira za Limerick zilikuwa za kweli. Mtangazaji mmoja wa pale aliandika kitabu kizima kumpinga. Mwigizaji Richard Harris, naye mtoto wa Limerick ingawa wa familia yenye uwezo, alimshambulia hadharani. Wazee walisema vichochoro havikuwa vibaya hivyo, watu walisaidiana, mapadri walisaidia. Upande wa pili chuo kikuu cha Limerick kilimpa shahada ya heshima mwaka 1997. Mji mmoja, mawazo mawili.

Na lipo linalosimuliwa kuhusu Angela mwenyewe, ambaye alihamia New York kwa wanawe mwishoni mwa miaka ya 1950. Frank na Malachy walikuwa na mchezo wa jukwaani wakisimulia utoto wao. Usiku mmoja mama akiwa kati ya watazamaji akasimama akapaza sauti kuwa haikuwa hivyo, ni uongo mtupu. Kwa hiyo mzee, hoja yako angeiunga mkono Angela mwenyewe. Siwezi kuipuuza.

Lakini turudi kwenye tukio la makombo, maana ndilo zito. Frank anapita karibu na nyumba ya mapadri Waredemptoristi. Mlangoni wamekusanyika ombaomba wakisubiri mabaki ya chakula cha mapadri. Katikati yao anamwona mwanamke mwenye koti chafu, ni mama yake. Anasema hii ni mbaya kuliko posho ya serikali, mbaya kuliko Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kile cha kanisa cha kusaidia maskini. Mtoto anaona aibu, na anaiandika aibu yake kama ilivyokuwa. Hajifanyi kwamba siku ile alikuwa na moyo mkubwa wa kumwelewa. Lakini msomaji anayeona tukio lile anaona nini? Mimi naona mwanamke aliyezika watoto watatu, mume kamtoroka, anavumilia kudharauliwa ili wanne waliobaki wale jioni ile. Na walikula. Wote wanne walikua, wote wanne wakafika Amerika.

Hilo la binamu, Laman Griffin, sitalitetea mstari kwa mstari. Anayeona lilipaswa kubaki nyumbani ana sababu zake, na mimi nisingeweza kuliandika la mama yangu. Ninachokataa ni kwamba aliandika kwa kumdhalilisha. Kitabu cha pili, 'Tis cha 1999, kinaishia kwa wana wa Angela kuyapeleka majivu yake Mungret, nje ya Limerick, kwenye makaburi ya watu wake, mwaka 1985. Katika familia ile nzima ya vitabu baba anapewa hadithi nzuri zote na nyimbo zote, ila jina lililo juu ya jalada ni la mama.

#16 Mzee wa Ujiji

Marahaba binti, marahaba kijana. Jina la jalada sikuwahi kulitazama hivyo. La binamu bado nalisimamia.

#17 Kitwana K

Wakuu, je vile vichochoro bado vipo? Na aanze na kipi ambaye hajasoma hata kimoja?

#18 Msomaji wa Usiku

Vichochoro vilibomolewa zamani. Hata Alan Parker ilibidi ajengewe kichochoro cha kuigizia. Shule ya Leamy's jengo lake lipo, miaka kadhaa lilikuwa makumbusho yake, yakafungwa 2019. New York nayo ilifungua sekondari yenye jina lake mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alifariki 19 Julai 2009 kwa saratani ya ngozi.

Kusoma, anza Angela's Ashes, usiruke. Halafu ningekushauri uende moja kwa moja Teacher Man, kwa sababu 'Tis kwangu mimi imepungua nguvu: sauti ya mtoto haipo tena, imebaki ya kijana mwenye macho mabovu na kinyongo, na anarudia mambo. Ina kurasa nzuri sana za hoteli ya Biltmore na za kuchukua majivu ya mama, lakini isome ya mwisho.

Na anayetaka kumpima McCourt na Mwayalandi mwenzake wa kizazi cha nyuma, amtafute Micí Mac Gabhann wa Donegal, aliyezaliwa 1865. Huyu aliuzwa kazi kwenye soko la vibarua la Letterkenny akiwa mtoto, akaenda Uskoti kulima, akachimba madini ya fedha Montana kule Marekani, akafuata dhahabu Klondike kule Kanada, akarudi kwao akajenga nyumba. Hakuandika kwa mkono wake. Alimsimulia mkwewe, Seán Ó hEochaidh, mkusanyaji wa masimulizi ya kale, kwa Kiayalandi, na kitabu kikatoka 1959, miaka 11 baada ya kufa kwake. Tafsiri ya Kiingereza ipo, inaitwa The Hard Road to Klondike. Kama wapo wanaotaka, nitamfungulia uzi wake.

#19 Nahodha Mstaafu

Fungua.

#20 Mwalimu Chaki

Mfungulie mkuu. Mimi wiki ijayo kidato cha tatu wanaandika barua ya udhuru ya Adamu.